Aliyebaki Barabarani

Jumamosi, 11 Januari

Uji umeungua tena. Kosa ni la Dezire: alinishika kiuno nikiwa nakoroga. Sijali. Tumekunywa hivyo hivyo, na ameapa hajawahi kunywa uji mtamu kama huu. Muongo. Muongo wangu mzuri! Bado naamka nikijiuliza kama ni kweli huyu mtu ni wangu, na ile miguu yake ya baridi chini ya blanketi ni yangu pia.

Mchana tumekwenda maktaba, hapa hapa mtaani kwetu, Mount Dennis. Wanaonyesha filamu bure. Ya leo ni ya Kijapani, ya mbio. Dezire aliona tangazo mlangoni akachangamka kama mtoto. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma alikuwa mkimbiaji wa shule. Tulikaa nyuma, mkono wangu mfukoni mwake.

Hakuimaliza. Alisimama ghafla akatoka. Nilidhani amekwenda msalani, nikamsubiri. Mwishowe nikamkuta nje, kwenye theluji, bila koti, anaitazama barabara tuliyokuja nayo.

"Baba, utaugua," nikamwambia.

"Twende nyumbani."

Basi. Njia nzima hakunishika mkono.

Jumapili, 12 Januari

Filamu haitoki kichwani. Niiandike, labda itatoka.

Vijana wa shule wanakimbia barabarani, mbio ndefu za kupokezana. Hawapokezani kijiti. Wanapokezana mshipi wa kitambaa unaovaliwa begani, unaolowa jasho la wote waliotangulia. Marafiki wawili wanafuatana, mmoja mfupi, mmoja mrefu: Mfupi anakimbia, Mrefu anamngoja kwenye mstari. Mfupi anaumia mguu, anachelewa. Kumbe kuna sheria. Muda ukiisha, anayengoja haruhusiwi kungoja tena. Anavishwa mshipi mwingine, mweupe, mkavu, usioguswa na mtu, na anaamriwa aondoke. Mrefu anakiona kabisa kichwa cha rafiki yake kinatokeza kwenye kona. Filimbi inalia. Anakimbia huku shingo imegeukia nyuma.

Hapo ndipo Dezire alipotoka.

Mimi niliona kidogo yaliyofuata. Mfupi anafika, hana wa kumpa. Amesimama na mshipi mkononi, watu wanakunja meza. Hata muziki hakuna. Mimi nilidhani filamu za michezo ni za kushangilia! Hii inasema kuna urafiki ambao ni kumwacha mtu huku bado unamwona. Sipendi. Nataka kusema ni uongo, na siwezi.

Kanisani Dezire hakuimba.

Jumanne, 14 Januari

Tangu tuchumbiane nimependa jinsi anavyogeuka nyuma tukitembea. Nilidhani ananilinda. Nimewaringia rafiki zangu wote: mume wangu ananilinda! Leo kwenye Weston Road nimemwangalia vizuri. Hatazami watu. Anatazama mbali, kwenye kona. Halafu anapunguza mwendo, kidogo tu, kama tunavyofanya ili mtu wa nyuma atufikie.

Nimemuuliza jikoni, nikiwa namenya viazi ili asione uso wangu. Amenieleza.

Fabiani. Fabi. Walikulia kambini pamoja, wote wawili hawana wazazi, kibanda kimoja, mkeka mmoja. Jina la Dezire likatoka kwenye orodha ya kuja Kanada. La Fabi halikutoka. Asubuhi ya safari Fabi alikwenda bombani kumjazia chupa ya maji ya njiani. Foleni ilikuwa ndefu. Majina yakaitwa, Dezire akapanda, basi likaondoka. Kwenye kioo cha nyuma alimwona Fabi anakimbia na ile chupa. Dereva hakusimama. Vumbi likafunika.

"Na sasa yuko wapi?"

"Anakuja."

Amesema hivyo kama mtu anayekuambia leo ni Jumanne. Nimejikata kidole.

Sasa naelewa harusi yetu. Kwetu msimamizi wa bwana harusi si mtu wa kushika pete tu. Ndiye mtakayemwendea maisha yenu yote mkigombana. Dezire alikataa kuchagua. Mume wa binamu yangu alitia sahihi kwa sababu mchungaji alilazimisha, lakini kwenye meza kuu kiti cha upande wa kulia wa Dezire kilibaki wazi, na sahani ikapakuliwa. Shangazi alinuna mpaka keki ikakatwa. Mimi nilikuwa na furaha mno, sikuuliza. Nilicheza mbele ya kile kiti usiku kucha.

Alhamisi, 16 Januari

Leo nimegeuka nyuma mimi mwenyewe. Nilikuwa peke yangu, natoka kazini. Nilisikia viatu kwenye theluji, vya mtu mwenye haraka. Hapakuwa na mtu. Nilipunguza mwendo hata hivyo.

Nampenda mume wangu. Naogopa nyumbani kwangu. Sikujua mambo haya mawili yanaweza kukaa kifuani mwa mtu mmoja.

Jumapili, 19 Januari

Simu yake imelia akiwa bafuni. Namba ya Tanzania. Nikapokea, nikijua ni watu wa kutupongeza.

Ni Mzee Balita, aliyekuwa jirani yao kambini. Akafurahi kusikia sauti ya mkwe. Akanibariki, akabariki tumbo langu. Kisha akasema, "Mwambie Dezire tulimzika Fabi vizuri. Homa ilimchukua upesi. Tulimpigia mwenyewe siku ile ile, akasema asante, akakata. Tangu hapo, mwaka wa tatu sasa, hatujasikia kilio chake. Alilia wapi, mama?"

Maji ya bafuni yalikuwa yanamwagika na Dezire alikuwa anapiga mluzi.

Kumbe Fabi alikwisha kufa kabla mimi sijakutana na Dezire. Yule anayengojwa kwenye kila kona ni marehemu.

Jumatatu, 20 Januari

Nimemwambia. Siku mbaya kuliko zote za ndoa yangu, ambayo bado ni changa hivi.

Hakukana. Alipigiwa simu kiwandani, wakati wa chakula, akarudi kwenye mashine, akafunga maboksi mpaka zamu ikaisha. Hapa hakuna anayemjua Fabi. Angemlilia na nani?

Nikamwambia tuweke matanga. Hapa, kwetu. Akasimama.

"Usimlaze Fabi chini nyumbani kwangu."

"Amekwisha kulala, Dezire."

"Nikilia mimi, ndiyo basi limeondoka!"

Akatoka. Nilisimama dirishani. Alikuwa anakimbia kwenye theluji na viatu vya kazi, anakimbia vizuri kweli, mrefu, mwepesi. Kila baada ya nguzo alikuwa anageuza shingo. Alirudi, akakaa sakafuni mlangoni, nikamvua soksi zilizolowa. Nilimwogopa na nilimtaka, vyote kwa pamoja.

Nikimwacha hivi, nitakuwa mke wa mtu ambaye hatafika mahali popote. Tutazaa watoto nao watajifunza kugeuka nyuma.

Jumatano, 22 Januari

Nimepita maktaba, nikamuuliza dada wa pale filamu inaishaje. Anasema Mfupi anapanda gari la abiria na ule mshipi, anafika mbio zimekwisha, wote wamevunjika moyo, anamvisha Mrefu begani juu ya ule mweupe. Basi. Wanakaa chini.

Nikamsimulia Dezire. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni filamu, mke wangu."

Akasuuza kikombe chake, halafu: "Mchungaji atakuwa na nafasi Jumamosi?"

Nikampigia Shangazi. Alifoka. "Nyumba haijaisha hata harufu ya pilau ya harusi, unaitandikia mikeka ya msiba? Unataka mkosi? Na ni msiba wa nani? Humjui!"

"Ni msimamizi wetu, Shangazi."

"Msimamizi gani? Mimi nilikiona kiti!"

"Ndiye huyo."

Akakata simu.

Jumamosi, 25 Januari

Tumesogeza kochi jipya ukutani na kutandika mikeka. Nilidhani watakuja wachache. Viatu vilijaa mpaka kwenye korido, Warundi, Wakongo, hata mama mmoja wa Mombasa wa ghorofa ya juu aliyesikia kuna msiba akashuka na chupa ya chai. Shangazi aliingia na sufuria la wali, hakunisalimia, akafunga khanga kiunoni, akaanza kugawa sahani. Ndiyo msamaha wake.

Wamemlilia mtu wasiyemjua. Akina mama wa Kikongo walianza wimbo, na kila mmoja, nadhani, alikuwa na wake aliyebaki huko barabarani.

Mchungaji akaomba wasifu wa marehemu usomwe. Wasifu husomwa na ndugu, na Fabi hakuwa na ndugu. Nikaona shingo ya Dezire inageuka polepole kuelekea mlangoni. Nilishika khanga yangu kwa meno.

Akasimama.

"Fabiani hakujua siku aliyozaliwa," akasema. "Alikuwa mbishi. Alikuwa anakimbia vibaya, mikono inaruka kama kuku. Siku ile nilikuwa ndani ya basi, yeye anakimbia kuniletea maji. Sikumsubiri. Amekufa. Fabi amekufa."

Bibi mmoja wa Kirundi akamjibu kutoka chini, bila hata kuinua kichwa: "Basi lile halikuwa lako, mwanangu."

Hapo ndipo alipolia. Sijawahi kusikia mwanaume akilia vile. Wanaume walimshika mabega wakamkalisha katikati yao. Sikwenda. Niliona si zamu yangu. Nilikwenda jikoni nikashika sinki kwa mikono yote miwili, na hapakuwa na mtu nyuma yangu. Nilihakikisha.

Jumanne, 28 Januari

Chumba cha mashine za kufulia, chini ya jengo. Mashuka ya wageni. Joto zuri. Tulikuwa wawili tu, tumeketi juu ya meza ya kukunjia nguo.

Dezire amenisimulia jinsi Fabi alivyoogopa mbuzi. Mbuzi, jamani! Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Naye akacheka. Uso wake umechoka, kama wa mtu aliyeugua akapona.

Nikamuuliza Fabi alipenda kula nini, nikifikiri siku moja nitakipika.

Amesema hajui. Kambini walikula kilichotolewa. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Akaniegemea begani. Tukakaa hivyo mpaka mashine ikasimama.