Vigingi Havina Miguu

Bweni la Wasichana,
Chumba namba 14,
Jumatatu, baada ya vipindi.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za nyumbani ambazo nimezibeba tangu jana. Vipi kifua chako? Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu ulikohoa kila ulipotaka kucheka, kisha ukasingizia vumbi la kokoto. Funga kitambaa puani, hata kama wenzako wa machimboni watakutania. Mimi ni mzima wa mwili. Najua unashangaa kupata karatasi wakati simu ipo, lakini haya siwezi kuyasema huku nasikia unavyopumua upande wa pili. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili niliishia kukuuliza kama huko mvua imenyesha.

Masomo yanaendelea. Huu ni mwaka wa tatu na ratiba yetu imegawanywa nusu kwa nusu. Kabla ya saa sita ni uhandisi wa ujenzi, nafundishwa kumwaga zege. Baada ya saa nane ni sayansi ya mazingira, nafundishwa kuuonea mto huruma. Kikokotoo ulichonitumia nilipopata nafasi ya chuo bado kinafanya kazi, isipokuwa namba saba, ambayo lazima niibembeleze. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kipimo, kwa sababu nilikuwa napima kila kitu pale nyumbani, mpaka nyayo zako ukiwa umelala. Hapa chuoni wenzangu wamenipa jina lao. Wananiita Askari wa Vigingi.

Ni hivi. Jengo lolote kabla ya kujengwa tunalichora kwanza ardhini, kigingi kila pembe na kamba katikati. Tukimaliza, wenzangu huenda kunywa chai. Mimi narudi kupima upya, na baada ya chai napima tena. Siku moja nilirudi uwanjani mara nne, mhadhiri akaniuliza kama vigingi vyangu vina tabia ya kutembea. Darasa zima lilicheka. Mimi niliomba ruhusa, nikarudi kuvipima mara ya tano.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Muhula uliopita mwenzangu wa kupima naye aliugua, nikaenda uwanjani peke yangu. Niliutia mwanzo wa futi kamba kwenye msumari, nikarudi nyuma nikiivuta. Ilikaza vizuri, nikasoma namba, nikaandika, nikahamia mstari wa pili na wa tatu. Nilipoenda kuuchomoa msumari nikaukuta umelala kwenye majani, hatua mbili kutoka pale nilipoupigilia, na tundu lake limeshajaa mchanga. Nilipima upya siku ya pili. Vipimo vyote vilikuwa sahihi. Utaniambia msumari ulichomoka mwishoni, nami ndivyo ninavyojiambia. Lakini unamkumbuka Kidoti, mdogo wetu, alivyokuwa akinishikia mwisho wa pili wa kamba? Ulimi nje, pumzi kaibana, haachii mpaka nimwambie achia. Tangu siku ile sipimi peke yangu. Na nikiwa na mwenzangu, kabla ya kukunja futi kamba nasema achia, kwa sauti ndogo, ili asibaki ameshika.

Kaka, nisamehe kwa kuyafukua mambo ya zamani. Niache niyapange kama tunavyopanga ripoti, maana nataka uyasome kwa mwandiko wangu. Miaka kumi na mitatu iliyopita baba alipigilia vigingi vinne kwenye kiwanja chetu, Jumapili jioni, wewe ukiwa mpirani. Alfajiri akaondoka na lori kwa safari ya wiki mbili. Alikuachia maagizo kwa mama kwamba vigingi viko tayari, uchimbe choo. Uliporudi shuleni Jumatatu mchana ulivikuta nyuma ya jiko, upande wa juu wa kisima, ukachimba. Baba aliporudi shimo lilikuwa limeshafunikwa kwa zege. Alinung'unika kwamba yeye aliviweka upande wa chini, ng'ambo ya bustani ya mama, na kwamba umekwepa ardhi yenye mawe. Hapo yaliishia kwenye manung'uniko.

Mwaka uliofuata, mvua za mfululizo zilipokuja, Kidoti aliharisha siku tatu. Siku ya nne hakuwepo. Alikuwa na miaka mitano. Baada ya mazishi bwana afya alikuja, akahesabu hatua kutoka shimoni hadi kisimani, akafika kumi na mbili tu. Alieleza kwamba mvua ikinyesha, ya chooni yanashuka kisimani, na kwamba shimo lingekuwa upande wa chini kusingekuwa na maneno. Baba alikugeukia wewe. Ulimwambia ulichimba palipokuwa na vigingi. Akakujibu kwamba vigingi havina miguu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa jiko, nimeshika kikombe cha Kidoti. Wiki ile uliondoka, na hujalala nyumbani tena.

Watu wote wanaamini nilichagua masomo haya kwa sababu napenda kujenga. Baba huwaambia majirani kwamba ameshapata injinia wake. Ukweli ni kwamba nilikuja kutafuta kitabu kitakachosema bwana afya alikosea. Mwaka wa pili tulifundishwa kwamba udongo wa mfinyanzi hauruhusu maji kupita. Tone moja linaweza kuchukua siku nyingi kusogea urefu wa kidole. Usiku ule nilipata usingizi mzuri, wa kwanza kwa muda mrefu. Nilijiambia kwamba labda kwetu ni mfinyanzi. Labda Kidoti aliugua kwa jambo jingine kabisa, na shimo halikuhusika.

Likizo iliyopita nilipigilia bomba fupi la chuma nyuma ya jiko na kulitoa likiwa na udongo wake. Mama alidhani nataka kupanda maua bwenini. Nililirudisha chuoni nikilipakata kama mtoto, nikaliweka kwenye mtambo wa maabara. Unamwaga maji juu ya udongo, unasubiri tone la kwanza litokee chini, huku saa inahesabu. Fundi wa maabara, mzee mmoja mcheshi tunayemwita Babu Saa, alinishauri nilete kiti na kitabu, kwani mfinyanzi ukiwa na kiburi tungelala pale. Niliinama kutafuta kalamu mkobani. Kabla sijaipata nikasikia tone. Kisha la pili. Babu Saa alicheka, akasema udongo wangu hauna subira. Nilirudia mara ya pili na ya tatu. Mara ya tatu hakucheka tena. Aliniuliza huo udongo umetoka wapi, nikamdanganya kwamba ni wa barabarani.

Tangu siku hiyo nalisikia lile tone. Nalisikia mhadhiri akifundisha, nalisikia kwenye bomba la bweni ambalo limekatika maji tangu wiki iliyopita. Nimeshika dawati, nimeziba masikio, nimefungua vitabu vyote nilivyokuwa navyo. Hakuna kilichobaki cha kunitetea, ndiyo maana nakuandikia.

Kaka, vigingi nilivihamisha mimi.

Asubuhi ya Jumatatu ile wewe ulikuwa shuleni na mama yuko dukani. Mimi nilikuwa zamu ya mchana, nimebaki na Kidoti. Upande wa chini wa kiwanja tulikuwa na nyumba yetu ya kuchezea, ya matope na vigae. Ilikuwa na vyumba vitatu na kibaraza, na nilikuwa nimeipima kila ukuta. Kigingi kimoja cha baba kilikuwa kimepita katikati ya sebule. Kidoti alilia. Nikamwambia asilie, tutavipeleka mahali pengine, choo ni choo. Nilichukua kamba ya manila, ile ya zamani ya kufungia turubai la lori, nikapima baba alivyopima, upande kwa upande na pembe kwa pembe, mara mbili mpaka zikalingana. Vitatu nilivibeba mimi. Cha nne alikibeba Kidoti, kwa mikono yote miwili.

Nilikuwa na miaka tisa, na hilo nalisamehe. Nisilolisamehe ni la mwaka uliofuata, nyuma ya ule mlango. Nilikuwa na miaka kumi, nimeelewa kila neno la bwana afya, na nilisikia ukiitwa mwongo. Ningeweza kutoka na kile kikombe mkononi nikasema. Nilinyamaza, nawe ukabeba begi. Kila ulichonitumia tangu wakati ule, hata hiki kikokotoo, nimekipokea huku nikijua.

Juzi Jumamosi nilienda nyumbani nikawaambia. Walikuwa wanachambua maharage. Baba hakupandisha sauti. Aliniuliza kamba ilikuwa ipi, nikamtajia. Akaniuliza pembe nilizipataje, nikamweleza. Akasema ndiyo maana. Alisema angeona mraba wa shimo umepinda angejua ni mchezo wa watoto, lakini ulikuwa umenyooka kiasi kwamba ilikuwa lazima aliyeupima awe mtu mzima. Kisha alitoka na fimbo yake, akaenda nyuma ya jiko pale tulipofukia lile shimo, akasimama. Mama aliendelea kuchambua mpaka akawa anatupia mabovu kwenye mazima. Swali lake lilikuwa moja tu, kama siku ile Kidoti alicheka. Nikamwambia alicheka.

Baba aliporudi ndani alisema ulimwambia ukweli mara tatu: mara ya kwanza kisimani, ya pili mlangoni, na ya tatu begi likiwa begani. Anataka nikuandikie kwamba alizisikia zote tatu. Anataka pia kuja huko machimboni, na magoti yake yale. Nimemzuia mpaka wewe useme. Kwangu mimi si lazima ujibu, na ukinyamaza nitakuelewa, maana ninajua kunyamaza kuliko mtu yeyote. Ila kwa baba nijulishe tu, aje au asije.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama blanketi alilokutumia linatosha kwa baridi ya huko. Wasalimie wenzako wote wa machimboni, na yule mpishi wenu anayekulazimisha kunywa uji. Kipindi cha kesho ni uwanjani. Nitashika futi kamba, na safari hii nikisema achia nitasema kwa sauti.

Ulichimba palipokuwa na vigingi.

Ni mimi mdogo wako,
Kipimo.