Picha ya Kuunga

Jumatatu, 3 Machi

Kifungua mimba wangu amepiga simu tena. Wimbo ule ule. Mama, umeunguza sufuria ya pili. Mama, nyumba ni kubwa. Mama, uhamie kwa dada. Nikamuuliza nani kampelekea habari za sufuria — akakohoa. Najua ni jirani. Mdomo ule hauna kitasa.

Nikamwambia sufuria ni yangu, moto ni wangu, na aliyekula ukoko ni mimi. Yeye kaula? Akacheka, kisha akarudi palepale. Kwa dada kuna chumba. Chumba! Nakijua. Kinagawana ukuta na mashine ya kufulia. Niwe naamka nasikia shuka za watu zinazunguka.

Hapo ndipo nikatoa neno. Nikasema baba yako alikufa akaacha samaki saba kwenye tangi lake. Wamepungua? Hawajapungua. Sasa mtu anayelea samaki saba, atashindwa kujilea mwenyewe? Akasema haya, Mama, nionyeshe hao saba wakiwa wazima, na habari ya kuhama sitaitaja tena. Lakini wakipungua, utahama?

Nikasema nitahama. Mimi si mtu wa maneno mawili.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimewalisha. Walikuja juu midomo wazi kama watu waliokosa karamu.

Picha nilizompelekea hazikumfaa. Amesema ni vipande vipande, hajui nani ni nani, huenda ni samaki mmoja amepigwa mara nne. Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Anataka tangi zima ndani ya picha moja, awahesabu. Simu ya kuonana uso kwa uso haiwezekani, huko kwenye meli anakofanya kazi mtandao unakatika kila ukisema "haloo".

Sasa tangi lenyewe. Marehemu hakuliweka sebuleni kama watu. Alilijenga ndani ya ukuta wa korido, urefu wa kitanda, ati wageni wasije wakagonga kioo. Wageni wenyewe hakuwapenda. Na korido nyembamba, mkikutana wawili mmoja arudi kinyumenyume. Ukilitazama tangi, mgongo umeshafika ukuta wa pili. Simu inaona robo tu. Nimekaa chini, nimechuchumaa, nimeinua simu juu ya kichwa. Nimepata picha safi sana ya pua yangu kwenye kioo.

Nimemwita mjukuu, binti wa binti yangu. Mke mwenzangu huyo. Anapiga watu picha za pasipoti mjini, kazi yake ni kuwaambia wasicheke. Atakuja Jumamosi.

Jioni samaki walikuwa juu tena, wananikodolea. Nikawapa. Siwezi kula huku natazamwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mmoja amekufa.

Nimemkuta tumbo juu, limejaa kama puto. Nimemtoa kwa upawa, nikamfunga kwenye gazeti, nikamtupa. Upawa nimeuosha. Samaki ni samaki.

Wamebaki sita.

Watu husema samaki mmoja akioza wote wameoza. Uongo. Sita wanaogelea zao, wala hawakuuliza mwenzao kaenda wapi.

Nimewaongezea chakula wapate nguvu. Marehemu alikuwa bahili kwao — mara moja kwa siku, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, basi. Hata sukari yangu alitaka kuipima hivyo. Nilimwonyesha.

Jumamosi, 8 Machi

Mke mwenza kafika na simu kubwa kama sahani. Shikamoo Bibi, marahaba, viatu mlangoni. Akaniuliza kama nimemwachia nafasi kwenye korido ya mume wetu. Nikamwambia mume alikuwa wangu, yeye arithi sufuria zilizoungua.

Nimemwambia waziwazi kwamba mmoja amekufa. Akauliza, Mjomba anajua? Nikasema wewe piga picha, maswali nenda kawaulize wateja wako.

Amesema picha moja haitatosha hata kwa dawa. Atapiga nyingi, kutoka kushoto mpaka kulia, halafu ataziunga. Ataziunga! Nikamuuliza, kwa nyanya au kwa karanga? Kinachoungwa kwangu mimi ni mboga. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kila picha inampandia mwenzake kidogo, kama vigae vya paa, halafu simu yenyewe inatafuta panapofanana na kuuficha mshono. Sawa.

Ilikuwa kazi! Taa ya korido tukaizima, ilikuwa inang'aa kwenye kioo. Ikaonekana mimi pia nang'aa — gauni la njano. Akanipa shuka nyeusi niishike nyuma yake kwa mikono miwili. Umri huu, nimekuwa pazia. Simu ameiweka juu ya stuli, stuli anaisogeza kwa kufuata mstari wa vigae vya sakafu. Piga. Sogeza. Piga. Sogeza. Samaki wamejificha nyuma ya mawe, ikabidi niache shuka nikawatupie chakula watokee. Wakatoka mbio, wakaanza kukimbizana. "Tazameni hapa, msipepese!" anawaambia. Nikamwambia samaki hana kope, na wewe huna akili.

Katikati simu ikaisha chaji. Tukanywa chai mpaka ikajaa. Nikavua sweta, joto. Tukarudi kumalizia upande wa kulia.

Ameondoka na vumbi magotini. Mgongo wangu unauma upande mmoja.

Jumapili, 9 Machi

Ameileta. Tangi zima, picha moja!

Sikuwahi kuliona hivi. Miaka yote nimelipita ubavuni, naliona kipande kipande nikienda bafuni. Kumbe lina umbo. Mawe makubwa yako kushoto, yanapungua, yanapungua, mpaka kulia mchanga mtupu. Kumbe aliyapanga. Sikujua kama aliyapanga.

Nikahesabu samaki. Saba.

Nikahesabu tena kwa kidole, kidole kikaikuza picha, ikabidi airudishe. Saba. Nikamtazama, naye akanitazama. Akasema Bibi, tazama mikia. Kushoto kabisa yupo yule wa mkia uliochanika. Na kulia kabisa, huyo hapo tena, mkia uleule, mchaniko uleule. Alipigwa picha kushoto, akaogelea, akapigwa tena kulia. Simu haijui kwamba ni yeye. Mshono haujui. Akasema ataziunga upya, amtoe mmoja.

Nikasema usiguse. Mpelekee hiyohiyo.

Akaanza kunihubiria, ati njia ya mwongo ni fupi. Anamfundisha nani? Mwongo ni yupi hapo? Mimi nimesema neno? Mwanangu ametaka picha moja ahesabu, basi ahesabu. Picha ndiyo imesema, mimi nimenyamaza. Akaguna. Nikamwambia mke mwenza asiyemsitiri mwenzake hafai hata kuazimwa ungo.

Ameituma. Alipobonyeza hakunitazama.

Jumanne, 11 Machi

Mwanangu kajibu kwa sauti, ameirekodi na upepo wake wote. Amesema ameihesabu mara tatu. Saba! Amesema Mama, nisamehe, nilikuwa na wasiwasi tu, sitaitaja tena habari ya kuhama. Amesema analiona tangi la baba akiwa katikati ya maji. Kisha akacheka: lakini Mama, una mikono mingapi? Kushoto mkono wako unalisha, kulia mkono wako unalisha, bangili ileile ya shaba. Umekuwa mrefu kuliko korido?

Nikacheka sana. Mjukuu alipokuja nikamwambia fundi gani wewe, umenishona mara mbili kama yule samaki wako.

Hakucheka. Akaifungua picha, akaikuza. Kisha akasema polepole, Bibi, si mshono. Nikamuuliza kama si mshono ni nini, jini? Akanionyesha zile picha mojamoja kabla hazijaungwa. Ya kushoto, mkono una sweta. Ya kulia, mkono mtupu, na kovu langu la pasi linaonekana. Samaki ni mmoja amepigwa mara mbili, akasema. Lakini mkono umelisha mara mbili. Mara moja kabla ya chai, mara moja baada ya chai. Na nilipofika asubuhi ile, Bibi, nilikukuta unafunika kopo.

Nikasema nililisha mara moja.

Akasema sawa, Bibi.

Hiyo "sawa" ndiyo iliyoniudhi. Ni sawa ya kumwambia mteja kwamba picha imetoka vizuri.

Nikamfukuza akanunue sabuni. Sabuni ninayo.

Mkono ni wangu. Kovu ni langu. Baada ya chai nakumbuka shuka nyeusi, nakumbuka mgongo, nakumbuka alivyosema bado kidogo Bibi. Kulisha sikumbuki. Nimejaribu kutoka upande huu, nimejaribu kutoka upande ule. Hakuna.

Jumatano, 12 Machi

Kopo la chakula halipo mahali pake. Nimelitafuta kila pahali. Kumbe mjukuu kaliweka juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo napafikia kwa stuli tu. Tumegombana. Nimemwambia humu ndani hakuna mtoto mchanga. Akaniuliza yule aliyekufa, tumbo lake lilikuwaje? Nikamjibu lilivimba. Akaniuliza tena, taratibu, na sufuria ya pili, Bibi, ulikuwa wapi ikiungua?

Nilikuwa korido, natazama samaki. Nikamwambia hivyo. Kuna kosa gani mtu kutazama samaki wake?

Akalia. Mimi sikulia. Nikampa kitambaa, nikamwambia machozi yasidondoke kwenye unga.

Tukakaa. Kwanza mama yake hajui, akasema, na yeye hapendi kubeba siri ambayo mama yake hana. Amesema hatamwambia Mjomba bila mimi kujua. Lakini Mjomba akimuuliza, hatamdanganya, mara moja yatosha. Nikamwambia nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na yeye hapa halali. Akasema basi nitalala. Kaenda kuchukua begi.

Kopo limerudi mahali pake. Nimelirudisha mwenyewe, kwa stuli. Sikuanguka.

Alhamisi, 13 Machi

Amelala sebuleni. Anakoroma, msichana mzuri vile! Asubuhi kafagia bila kuambiwa, vibaya.

Saa nne mwanangu amepiga. Hakunipigia mimi, amempigia yeye. Yuko jikoni, ameurudisha mlango, haukufunga vizuri, mlango ule haufungi. Kwanza wamesalimiana. Kisha Mjomba amesema jambo refu. Kisha mjukuu: hapana Mjomba, picha ni nzuri. Kisha Mjomba tena. Kisha: mkia gani?

Amekuza picha huko aliko. Wana wangu si wajinga, nimewalea mimi.

Mjukuu hajamjibu. Anasema Mjomba, ngoja, unasikika kwa mbali. Anasikika vizuri, hata mimi namsikia. Anavuta muda kwa ajili yangu. Sikumwomba.

Mimi niko korido. Nimekalia ile stuli, daftari juu ya goti. Sita wote wamekuja juu, midomo inafunguka na kufumbika. Lakini wao hufungua midomo hata wakishiba, marehemu alisema hivyo, msiwaamini hawa. Kopo ninalo mkononi, kifuniko kimetoka. Sijui kama nakifungua au nakifunga. Vidole vina harufu ya chakula, lakini vina harufu hiyo kila siku. Nimeutazama mchanga kama kuna kilichozama. Macho hayafiki.

Huko jikoni amesema tena, Mjomba, ngoja.

Nimemwita. Nimeita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Nimesikia akisema subiri usikate, Bibi ananiita. Ndala zinakuja. Nitamuuliza kwanza kama samaki nimeshawalisha, na simu aje nayo hivyohivyo ikiwa wazi, huyo aliye upande wa pili asikie ninavyouliza —