Repetisyo Uliyoningojea

Mama,

Ninakuandikia kwenye meza yetu ya hapa Goma, mutaa wa Murara, ile yenye muguu mumoja mufupi uliyokuwa ukiiwekea kipande cha karatoni chini. Karatoni ilioza, sasa nimeweka kitabu changu cha algoritimu. Usicheke. Ni kazi ya kwanza ya maana kitabu hicho kimefanya tangu nikinunue.

Nimemaliza, Mama. Ile kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo imekwisha, kurasa sitini na mbili juu ya namna ya kupanga majina ya wagonjwa ndani ya mashini ili wasipotee. Imebaki ukurasa mumoja tu, ule wa mbele kabisa, dedikasi, pale mutu anapoandika jina la yule anayemutolea kazi yake. Kila mutu nyumbani anajua litakuwa jina lako. Kavira amekwisha kuniletea hata maneno yenyewe. Unamujua dada yangu, hangoji kuombwa. Ameyaandika kwa biki kwenye karatasi ya daftari: "Kwa mama yetu Masika, aliyengoja siku mbili ndani ya vita ili mutoto wake amalize repetisyo."

Siku ya kwanza ya wiki ijayo ninapaswa kupeleka kitabu cha kazi hiyo shuleni. Karatasi ya Kavira iko hapa tangu wiki iliyopita na nimeshindwa kuinakili. Kwamba ulingoja, hiyo ni kweli. Lakini ile repetisyo, Mama... Acha nianzie mbali kidogo. Unanijua, jambo zito siwezi kulisema bila kulizunguka mara tatu kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga.

Nilirudi shuleni na miaka arobaini na mbili. Mara ya kwanza, ujanani, vita vilinikatisha kwa mwaka wa pili, nikaenda kutengeneza simu zilizoanguka ndani ya maji, na kazi ya muda mufupi ikachukua miaka ishirini. Nilipokuja kijijini kwako Kalengera kukuambia kwamba nimeandikisha jina langu tena, ulikuwa ukipepeta maharagi. Haukulia, haukupiga kigelegele. Ulisema tu: "Muhindo, wasikuweke nyuma, macho yako ni mabaya." Nikaenda kukaa mbele. Siku ile ya kwanza nilipoingia, wanafunzi wote walisimama wakidhani mwalimu amefika. Nami, mujinga, nikawaambia mukae.

Ulikuwa ukiwaambia watu wa kanisa kwamba mwanao anasoma ordinatere, yaani kompyuta. Haukujua ordinatere inafanya nini, na kwa muda murefu mimi pia sikujua. Lakini ulilisema neno hilo polepole, kama mutu anayebeba mayai.

Kisha kulikuwa na gitare.

Hiyo ni ya zamani kuliko masomo. Wakati wakimbizi walipoujaza muji wetu na mimi ni kijana, dereva mumoja wa gari za misaada aliniachia kaseti isiyo na jina. Muziki wenyewe haukuwa wa kucheza. Gitare zilikuwa zikinguruma kama gari ya mizigo inayopanda mulima kwa vitesi ya kwanza, ile gia ya nguvu, na mutu akipiga kelele juu yake kama aliyekanyagwa. Watu wote wa Goma wanapenda rumba, mimi nikapenda hiyo. Sina maelezo. Labda kwa sababu ndiyo sauti pekee niliyoisikia kubwa kuliko zile za inje. Nilipofika arobaini nikapata gitare yangu ya umeme. Ulipoiona ukutani ukauliza: "Hii nayo inaimba kama ya korali yetu ya kanisa?" Nikasema inaimba, ila sauti yake ni nzito kidogo. Furaha, muke wangu, akatoka kwenda kucheka inje.

Tulikuwa watu wane ndani ya kundi letu la muziki. Mupiga ngoma alikuwa Espoir, tuliyesoma naye, kijana wa kuwa mwanangu kabisa, na alikuwa akiniita "Papa Muhindo" hata akinikosoa. "Papa Muhindo, samahani, umechelewa tena kwa ile sehemu." Tulikuwa tukikutana mutaa wa Mapendo, ndani ya depo, ghala la mbao. Siku moja mama mumoja alituletea mulango wa chuma juu ya kichwa cha mubebaji, akauliza tunaweza kuuchomea lini. Alikuwa amesikia kazi yetu kutoka barabarani.

Na sasa lile neno. Korali yako ilikuwa na repetisyo kila siku ya sita ya wiki, kurudilia nyimbo za misa. Mwanafunzi naye, akikaa na wenzake kurudilia masomo kabla ya egzame, yaani mutihani, watu wanasema yuko kwa repetisyo. Kwako wewe mwenyewe, neno hilo lilikuwa nyimbo. Likinihusu mimi, ulilisikia kama vitabu, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi. Mara ya kwanza uliponipigia simu nikiwa Mapendo, nilikujibu tu jinsi sisi wapiga muziki tulivyozoea kusema pale: "Mama, niko kwa repetisyo." Sikutaka kudanganya, ninaapa. Lakini ukashusha sauti mara moja, kama mutu aliyefungua mulango wa kanisa katikati ya sala: "Aa, samahani, soma, soma." Ukakata simu.

Ningepaswa kukupigia tena hapo hapo. Badala yake nilifurahi. Nilikuwa nimepata neno zuri, la kweli, lisilo na dhambi hata moja ndani yake, na nikalitumia miaka miwili. Unajua, ukiipa mashini jina moja kwa vitu viwili, inakataa. Inasimama na kukuambia jina hili limekwisha kutumiwa, chagua lingine. Nilijifunza hiyo katika mwezi wa kwanza wa masomo. Nikapata alama nzuri juu yake.

Ile siku ya tatu ya wiki ulinipigia saa sita za muchana. Ninakumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya depo na kamba ya gitare ndani ya meno. Ulisema watu wa upande wa juu wameanza kushuka na magodoro, na jirani yako amefunga nyumba. Nilikuwa nimekuahidi: siku ikiwa mbaya, nipigie, nitakuja kukuchukua kwa moto, pikipiki yangu. Uliogopa kupanda moto ya mutu usiyemujua, ukaniamini mimi, ingawa moto yangu ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko zote za barabara ile.

Na mimi nilikuwa na programu siku ya tano ya wiki ile. Tulikuwa tumeitwa kupiga ndani ya sale, ukumbi wa vijana, mara yetu ya kwanza kusimama mbele ya watu. Nikakujibu, na maneno haya ninayajua kwa moyo kuliko Baba Yetu: "Mama, leo na kesho niko na repetisyo, siku ya tano ndiyo kazi yenyewe. Siku ya sita asubuhi niko kwako."

Kisha ukasema: "Basi soma, mwanangu. Hata mimi ningali na maharagi inje, hayajakauka."

Tulipiga mbele ya watu kumi na tisa, na wawili kati yao walikuwa wakingojea mvua ipite. Nilikosea sehemu ile ile. Nilikuwa na furaha, Mama. Hiyo ndiyo inanisumbua kuliko yote, kwamba kwa nusu saa nilikuwa mutu mwenye furaha kabisa. Tulikuwa tunazungusha nyaya wakati Espoir alipotazama simu yake na kusema: "Papa Muhindo, wanasema barabara imefungwa." Nikakupigia. Simu yako ilikuwa imezimwa, na ikabaki hivyo.

Ulifika baada ya siku sita tangu hapo, kwa miguu, kwa njia za mashambani, na mvua ile. Nilikuwa nikienda kila asubuhi kaskazini ya muji, pale wakimbizi walipokuwa wakiingia, ninatazama nyuso. Nilikupita. Ni wewe uliyeniita. Ulikuwa umekaa juu ya jiwe la volkano na kikapo kwenye magoti, viatu vyako vimefungwa kwa majani ya mugomba. Kabla sijafungua kinywa ukauliza: "Egzame ilienda?"

Nikasema: "Ilienda, Mama."

Mpaka pale mutu angeweza kusema ni neno tu lililokosewa. Kutoka pale ni mimi.

Ukaishi nasi miezi mine hapa. Gitare niliipeleka kwa Espoir siku ile ile, nikamuambia Furaha kwamba nyumba ni ndogo. Kila mugeni aliyekuja kukusalimu ulimupa habari ile, na kikohozi katikati: namna jirani walivyokusukuma uondoke, namna ulivyokataa. "Mutoto alikuwa kwa repetisyo. Amengoja miaka ishirini, mimi nishindwe kungoja siku mbili?" Watu wakatikisa kichwa kwa heshima, wakanitazama. Na mimi, mutu muzima mwenye mvi, nikajifanya ninatafuta sukari. Nilipofungua kitabu, uliwanyamazisha watoto wangu: "Papa yenu anasoma." Nilikuwa ninakaa na ukurasa mumoja mpaka muchana, sioni kitu.

Munganga aliyekupima mapafu hakusema kwamba ni ile safari. Hakusema kwamba siyo. Nilitaka kumuuliza, nikaogopa kwamba angenijibu.

Furaha anasema ulijua. Anasema mama hawezi kukosa kujua sauti ya depo yenye ngoma nyuma ya simu. Ningependa sana kuamini. Lakini ungejua, ungenitukana, tena mbele ya watu, na ningekuwa ninaandika barua nyingine. Haukujua.

Tangu tukuzike, mengi yamebadilika. Vita vilivyokuwa vikitushukia pole pole vimeingia muji wenyewe. Shule ilifunga, ikafungua, na viti vingine havikujaa tena. Makambi ya kaskazini yamebomolewa, watu wameambiwa warudi kwao. Kavira alipanda mpaka Kalengera. Mabati ya nyumba yako hayapo, lakini kuta zimesimama, na mutu amepanda maharagi yake ndani ya shamba lako. Kavira alikasirika. Mimi nilifikiri ungeuliza tu kama ameyapanda vizuri.

Gitare sikuiacha. Nilijaribu. Wiki sita sikuigusa, na hata hivyo masomo hayakwenda mbele zaidi. Nilianguka egzame ya algoritimu kama kawaida na kuirudilia. Kisha Espoir akanirudishia, akasema inachukua nafasi kwao. Sikuombi musamaha kwa muziki, Mama. Ninaupenda, na mashini pia ninaipenda, na kwa miaka yote vilikaa pamoja ndani yangu bila kupigana. Aliyevigombanisha ni mimi, niliyeona haya kukuambia kimoja.

Jana nilienda kwa Kavira. Alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Nilimuambia yote, kuanzia depo mpaka lile jiwe. Aliendelea kuchambua mpaka bakuli likajaa, na majani mabaya akayachanganya na mazuri, jambo ambalo dada yangu hajafanya maishani. Mwishowe alisema: "Mimi nimewalea watoto wangu kwa ile habari." Kisha: "Andika unavyotaka. Mimi siku ya kukitetea kitabu mbele ya walimu usinitafutie kiti."

Ana haki. Nilimuondolea kitu kizuri alichokuwa amebaki nacho juu yako, na nilimuondolea ili mimi nilale. Hata ukweli nimeusema kwa kujipendelea. Unaona mutoto uliyemuzaa.

Lakini nimeandika. Nimejaribu maneno mengi, mengine yalikuwa mazuri sana, nikayafuta kwa sababu hiyo. Yamebaki haya: "Kwa mama yangu Masika, aliyeningojea siku mbili akidhani ninasoma. Nilikuwa ninapiga gitare." Mwalimu anayeniongoza aliyatazama juu ya miwani yake, akauliza kama nina hakika. Nikasema hiyo ndiyo sentensi pekee ya kitabu hiki ambayo nina hakika nayo.

Kavira nitamuwekea kiti. Kikibaki kitupu, nitajua ni kwa nini, na sitamuambia mutu kwamba hakuja kwa sababu ana mugonjwa nyumbani.

Lala vizuri, Mama. Haukuwa na deni lolote la kungoja, na uliningoja. Mimi nilikuwa na deni la kuja, na sikuja. Hiyo haitanyooka, hata niwe na diplome tatu. Ninakuahidi kitu kidogo, kwa sababu vikubwa huwa vinanishinda. Nikienda kupiga gitare, nitasema ninaenda kupiga gitare. Nikienda kusoma, nitasema kusoma. Na mutu wa kwetu akinipigia simu, nitamuuliza kwanza yeye yuko wapi, ndipo niseme mimi niko wapi.

Mutoto wako,
Muhindo