Diski Ilikuwa Nzima

Singida Mjini,
12 Juni 2025.

Mpendwa Kaka Nathanaeli,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Wifi Rebeka na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila upepo unatupiga vumbi tangu asubuhi. Mama anakula kidogo. Mimi nafungua steshenari kila siku, nachapa, nafunga, narudi nyumbani. Silii. Sijui machozi yamekwenda wapi.

Kwenye simu nilikuambia ile diski yenye sauti ya baba imekufa yenyewe. Si kweli. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ningekudanganya tena.

Unakumbuka kabla hajafariki baba alikaa siku tatu tukimrekodi akitaja ukoo wetu kwa Kinyaturu, nani kamzaa nani na kazikwa wapi, ili tumsikilize wote siku ya kumaliza matanga yake. Wiki iliyopita nikaichomeka diski kwenye laptopu ya dukani ili nitoe nakala. Ikasema haiwezi kusoma. Nikajaribu kuandika humo, ikakataa pia. Nikasema basi, virusi. Dawa yetu ya steshenari unaijua, ni moja tu: flashi ya mteja ikisumbua, tunaifomati, yote yaliyomo yanafutika. Mkono ukaenda wenyewe. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Tangu mazishi nabonyeza ndiyo kwa kila kitu.

Kisha ikakubali, nikaijaza mitihani ya shule.

Juzi flashi ya mteja nayo ikagoma vilevile, nikamwita fundi Festo.

"Dada Dorika, mbona umefungua madude yote haya?" akaniuliza.

Kadi za harusi, barua za watu, na ratiba ya mazishi ya baba, ile yenye picha zake kubwa kubwa. Kaka, tangu tumzike nimeshindwa kuifunga. Jioni nafunika laptopu tu, siizimi. Festo akasema kumbukumbu ya mashine imejaa, mara inapata nafasi ya kusoma na kuandika, mara inakosa, lakini vyombo vyenyewe ni vizima. Nikafunga vingine vyote. Ratiba ya baba akaifunga yeye. Flashi ikasoma palepale.

Nikampa na diski. Alitafuta hadi adhuhuri, akapata mitihani tu.

Jumamosi ya wiki ijayo tunakutana Mungaa kumaliza matanga. Baba mdogo Philipo kila siku ananiuliza kama nimepata spika, nami namwambia ndiyo. Siku hiyo nitasimama mbele ya ukoo niseme mwenyewe. Nakuomba uandike majina unayoyakumbuka, hata matano, unitumie.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Hana pia. Mbusu mtoto wenu mdogo kwa niaba yangu. Mungu akupe moyo wa kunisamehe, hata kama si leo.

Kwenye simu yangu kimebaki kipande kimoja, cha siku ile ya kwanza tulipokuwa tunajaribu. Baba anauliza, "Dorika, imeanza?" Namjibu, "Bado." Kinaishia hapo.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Dorika