Meli Imeniacha Kemondo

Maawe! Koku, meli imeniacha Kemondo! Na kandambili miguuni!

Nilishuka bandarini kununua senene wa kukaanga tu. Nikamwambia mume wangu, "Kagaruki, wakitaka kung'oa nanga waambie bado niko chini." Yuko mgahawani humo melini anakula sangara, akaitikia kwa kichwa.

Honi ikalia, meli hiyoo. Nampigia, namsikia anatafuna! Eti, "Uko wapi?" MIMI niko wapi!

"Nilidhani uko chooni," anasema. Halafu Koku, halafu: "Samaki wako alikuwa anapoa, nimemla." NIMEMLA!

Nimekodi teksi nikamtangulia Bukoba. Sasa hivi anashuka melini, anachokonoa meno, anatabasamu. Mama yake amekuja kumpokea, nimeshamsimulia yote.

 Mama mkwe anavua kiatu.