Vyuma Alivyoving'oa Mjomba

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, miguu tu inanisumbua kwa kukanyaga cherehani kutwa.

Mjomba wako alipita jana, kanuna. Anasema jengo lake jipya hapa mjini limekwama kwa sababu wewe, injinia wake mwenyewe, hutaki kuweka sahihi. Eti kisa ni vyuma vilivyounganisha nguzo katikati, alivyoving'oa ili ukumbi uwe wazi. Vyuma vyenyewe havikubeba chochote, nimeviona kwa macho yangu, na nguzo hajazigusa. Unajua kanipa chumba cha duka pale chini kwa bei ya kindugu. Na kazi ni yeye aliyekupa ulipokuwa huna mbele wala nyuma. Usitutie aibu. Weka sahihi.

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha. Pole kwa miguu, hebu ipumzishe.

Sahihi siweki. Ni kweli vile vyuma havikubeba kitu. Kazi yake ilikuwa kuzishika nguzo kiunoni. Nguzo nyembamba ikielemewa haisagiki, inapinda ubavuni. Ndiyo maana hatuipimi toka sakafu hadi dari, tunapima toka inaposhikwa hadi inaposhikwa tena. Mjomba kaondoa mshiko wa katikati, kwa hiyo urefu huo umekuwa mara mbili, na mzigo unaotosha kuipinda umeshuka hadi robo ya ule wa mwanzo. Chukua ile rula yako ndefu ya kukatia vitambaa, isimamishe mezani, igandamize kwa kiganja. Kisha mwenzako aishike katikati, ugandamize tena. Halafu uniambie kama utaketi chini ya ghorofa hilo.

Mjomba anaweza kunitoa kazini. Kunitoa akili hawezi.

Binti yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana kimya chako kinaniumiza.

Mjomba kanifukuza kazi. Anatafuta injinia mwingine wa kumwekea sahihi. Hata ukininunia mwaka mzima, Mama, duka lile usiingie.

Binti yako

21 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Unakula vizuri? Mimi nimechoka lakini mzima.

Sikukujibu kwa sababu nilikukasirikia. Rula nilikataa hata kuigusa, mpaka barua yako ya pili ilipofika. Nikaigandamiza, ikapinda. Mwenzangu alipoishika katikati, ikasimama kidete. Basi nikaibeba hadi kwa wenzangu waliopangishwa vyumba pale: muuza viatu, fundi simu, yule dada wa saluni mwenye maneno mengi. Kila mmoja akagandamiza mwenyewe. Yule dada aligandamiza mara tatu. Hakuna aliyekubali kuingia.

Mjomba wako akaja anafoka, eti nimewajaza watu hofu. Nikampa rula naye ajaribu. Hakuipokea. Lakini jengo bila wapangaji ni kuta tu, na wiki iliyofuata mafundi wa kuchomelea walikuwa juu ya ngazi wanarudisha vyuma. Kazi yako hakurudishii, hilo kalisema waziwazi, na chumba changu kampa mtu mwingine.

Aliniuliza mbele ya watu wote kama kweli nimemwacha ndugu yangu wa tumbo moja kwa ajili ya mtoto. Nikamwambia ndiyo, na kesho akiuliza jibu ni hilohilo.

Mama yako