Ndala Kwenye Foleni

Dada Nyangeta, shikamoo.

Huku Mwanza upepo wa ziwa unanukia samaki. Jana nilimnunulia mama sato wa kuchemsha hapa Kirumba, akanywa mchuzi tu.

Leo siku ya tisa tuko kwenye foleni ya hospitali, hatujamwona daktari bingwa. Ukichoka kusimama, unaacha ndala zako zikushikie zamu, unaenda kukaa kivulini peku. Usiku zinalala hapohapo, hakuna anayezigusa.

Mwalimu wa hesabu hata akiwa na msiba atahesabu. Kila saa wanafika wagonjwa sita, daktari anawaona watano. Foleni ya hivyo lazima irefuke siku zote. Mwanafunzi akiniambia vingine namkosesha. Lakini hii hairefuki. Kila jioni inaishia palepale, kwenye tangi la maji.

Nikamuuliza mlinzi. Akanionyesha rundo la ndala ukutani. "Mwalimu, hizo zamu zao zilifika, wenyewe hawakuonekana tena."

Basi hesabu ikakubali, dada: yule wa sita ni hao.

Asubuhi hii mama kaniambia, "Magesa, kaniletee ndala zangu, twende nyumbani." Sikubishana. Nilipoziinua, waliokuwa nyuma yetu walisogeza za kwao hatua moja mbele. Hakuna aliyeniangalia usoni.

Kesho tunapanda basi. Tandika kitanda chake karibu na dirisha, na watoto wasimuulize daktari kasema nini. Mungu akupe nguvu, dada yangu, maana zangu nimeziacha huku.

Mdogo wako,
Magesa